Tunaposema na Mungu, Tumwache Naye Aseme



Katika nyumba nyingi za Wakristu wetu sala ya jioni haijafa. Tushukuru kwanza kwa jambo hilo. Baada ya kula, mama anaita watoto, baba anafanya Ishara ya Msalaba, na wote wanamfuata: Baba Yetu, Salamu Maria, Nasadiki, sala ya kutubu, pengine na Rozari. Maneno hayo tuliyapokea kwa wazee wetu, nao waliyapokea kwa makatekista waliotembea kwa miguu toka kijiji hata kijiji. Ni urithi wa thamani, wala mtu asithubutu kuudharau.

Lakini tutazame vizuri jinsi sala hiyo inavyokwenda. Midomo inasema upesi upesi, kama mtoto aliyetumwa dukani anayerudia njiani jina la kitu ili asilisahau. Mdogo amekwisha kulala mkekani kabla ya fumbo la tatu. Kijana mkubwa anaitikia, huku jicho lake moja liko kwenye simu. (Na mbu, kama mjuavyo, hawangoji tumalize litania.) Mwishowe kila mmoja anakwenda kulala. Ukimwuliza amemwambia Mungu nini, hakumbuki. Ukimwuliza Mungu amemwambia nini, anashangaa hata kwa kuulizwa hivyo. Je, Mungu naye husema?

Hapo ndipo penye ugonjwa. Sala yetu haichoki kwa sababu ni ndefu au fupi. Inachoka kwa sababu sisi peke yetu ndio tunaosema. Fikirini mgeni anayeingia nyumbani mwenu kila jioni, anatoa maneno yake yote kwa pumzi moja, kisha anasimama na kwenda zake kabla hamjamjibu. Mtamwita rafiki? Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano katika karne ya nne, alifundisha kwamba katika sala sisi twasema na Mungu, na katika kusoma Maandiko yeye ndiye tunayemsikiliza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilirudia fundisho hilo mwaka 1965, katika hati yake juu ya Ufunuo wa Mungu. Uliwahimiza waamini wote, si mapadri na watawa tu, wasome Maandiko Matakatifu mara kwa mara, tena kusoma kwao kuende pamoja na sala.

Wengine watajibu: «Sisi twasikia masomo kila Dominika kanisani.» Vema sana. Nalo Kanisa limeyapanga masomo hayo kwa hekima: mwaka mmoja twasikia hasa Evanjili ya Mateo, mwaka wa pili ya Marko, mwaka wa tatu ya Luka, kisha twaanza tena. Lakini mwulizeni mtu Dominika saa sita, akiwa njiani kurudi nyumbani, Evanjili ilisema nini. Wengi watawaambia habari za kwaya. Jamaa iliyosoma Evanjili hiyo nyumbani Jumamosi jioni husikia namna nyingine kabisa. Kwao Padri anapanda mbegu katika shamba lililokwisha kulimwa.

Tena wapo wanaotaka kusoma, wakaanza kwa bidii nyingi, wakaacha. Twajua wanaanguka wapi. Wanaanza na kitabu cha Mwanzo, wanafurahia habari za Abrahamu na za Yozefu. Wanaingia katika kitabu cha Kutoka, wanavuka bahari pamoja na Musa. Kisha wanafika kwenye kitabu cha Walawi, penye sheria za sadaka na za magonjwa ya ngozi, na hapo Biblia inarudi kabatini. Yafaa kujua kwamba Biblia si kitabu kimoja tu: ni vitabu 73 vilivyofungwa pamoja, na hakuna mtu anayeingia katika maktaba na kusoma toka rafu ya kwanza hata ya mwisho. Anayeanza aanze na Evanjili ya Marko. Ndiyo fupi kuliko zote, ina sura 16 tu. Evanjili zote nne zina sura 89, na mwenye kusoma sura moja kila siku atazimaliza kwa miezi mitatu. Hata hivyo sisi hatumshauri kwenda mbio hivyo. Hatusomi ili tumalize. Aya saba au nane zatosha jioni moja.

Tuchukue mfano. Fungueni Marko sura ya 10, toka aya ya 46 hata ya 52: kipofu Bartimayo kando ya njia ya Yeriko. Ni aya saba tu. Mwanafunzi wa nyumbani asome kwa sauti, polepole, akipumzika kwenye nukta. Kisha wote wanyamaze, muda wa kusali Baba Yetu moja moyoni bila haraka. Kunyamaza huko ndiko kugumu kuliko yote. Mara ya kwanza watoto watacheka, na mtu mzima atakohoa. Vumilieni. Halafu mwingine asome tena aya zile zile.

Sasa kila mmoja aseme neno au jambo lililomgusa, bila kulieleza sana. Na baba asihubiri! Jioni hiyo yeye naye ni msikilizaji. Huenda mtoto akasema: watu walimkemea kipofu ili anyamaze. Watoto huliona hilo upesi, kwa kuwa wao wenyewe hukemewa kila siku. Mama labda ataona vazi: yule maskini alilitupa vazi lake alipoitwa, naye pengine hakuwa na kitu kingine cha kujifunika usiku. Kijana atashangaa jinsi umati ulivyogeuka: waliomfukuza ndio wanaomtia moyo sasa, kwa kuwa tu Yezu amesimama. Tena Yezu alikuwa njiani kwenda Yeruzalemu, kwenye mateso yake. Safari hiyo kubwa aliisimamisha kwa ajili ya mwombaji mmoja.

Kisha linakuja swali ambalo kwalo habari yote inatugeukia sisi. Yezu anamwuliza kipofu anataka atendewe nini. Ajabu! Kila mtu aliona kwamba ni kipofu. Lakini Bwana anataka asikie kwa kinywa chake. Basi, kila mmoja nyumbani aulizwe vile vile, naye ajibu moyoni, au kwa sauti akiweza. Mmoja ataomba kazi. Mmoja ataomba nguvu ya kuacha pombe, jambo asilopata kulitamka mbele ya watoto wake. Msichana atamwombea kaka aliyekwenda mbali, asiyeandika wala kupiga simu. Maneno hayo hayakutoka katika kitabu cha sala, lakini Evanjili ndiyo iliyoyatoa. Halafu semeni Baba Yetu. Mtaona kwamba jioni hiyo haiendi mbio.

Njia hii hatukuibuni sisi. Mtakatifu Benedikto, katika karne ya sita, aliwapangia wamonaki wake saa maalum za kusoma kila siku, kama alivyowapangia saa za kazi ya mikono. Katika karne ya kumi na mbili mmonaki mmoja, jina lake Guigo, aliilinganisha na ngazi yenye vidato vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na kumtazama Mungu kwa utulivu. Wakristu wengi wa siku zetu huruka kutoka kidato cha kwanza hata cha tatu, kisha hulalamika kwamba wameanguka.

Hapa yatupasa kusema waziwazi juu ya matumizi mabaya ya Biblia, maana tunayaona kila mahali. Wako wanaoiweka chini ya mto ili ifukuze wachawi, lakini hawaifungui. Biblia isiyofunguliwa haina faida kwa mwenye kuilalia kuliko matofali. Wako wanaofumba macho, wakafungua po pote na kuweka kidole, wapate kujua kama safari yao itakuwa na heri. Huko ni kupiga bao, hata kama kitabu ni kitakatifu. Mwenye akili atatujibu: je, Mtakatifu Agostino hakufanya hivyo katika bustani ya Milano, mwaka 386, alipofungua barua za Mtume Paulo na kusoma maneno ya kwanza aliyoyaona? Ndiyo, alifungua. Lakini tazameni alikuwa nani. Alikuwa amemsikiliza Ambrosi akihubiri siku nyingi. Alikuwa akipigana na dhambi zake hata kulia. Hakutafuta habari za mali au za safari. Na alichosoma katika barua kwa Warumi kilimdai aache maisha yake ya zamani. Kama wewe nawe u tayari kwa jibu la namna hiyo, hatutagombana nawe.

Kuna kosa jingine, nalo ni la wanaume hasa. Bwana wa nyumba anajua vizuri sana mahali ambapo Mtume Paulo, akiwaandikia Waefeso, anawaambia wanawake wawatii waume zao. Anasoma hapo kwa sauti kubwa, kisha anafunga kitabu. Angeendelea kidogo tu angekuta deni lake mwenyewe: kumpenda mkewe kama Kristu alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake. Neno la Mungu hulitafuta kwanza kosa la yule anayelisoma. Ukiona kila aya inamhukumu jirani yako, ujue bado hujaanza kusikiliza.

Kwa sababu hiyo twasema kwamba siku ya kusoma iliyo ya lazima kuliko zote ni siku ya ugomvi. Mume na mke wamekosana juu ya franka za shule, na tangu adhuhuri hawasemezani. Jioni hiyo shetani atawashauri waiache sala, wangoje moyo utulie. Msimsikilize. Fungueni mahali mlipofika jana, asome mtoto. Si lazima mjue la kusema. Mkae tu, Neno lipite kati yenu. Nyumba nyingi zimevunjika kwa ukimya uliodumu siku nane. Ni vigumu mno kudumu katika ukimya huo kama kila jioni Yezu anasema katikati ya chumba, hata kwa sauti ya mtoto wa darasa la tano anayekwama kwenye maneno marefu.

Na wasiojua kusoma? Wasidhani kwamba mlango umefungwa kwao. Mwenye heri Isidori Bakanja, kijana wa nchi yetu aliyebatizwa mwaka 1906, hakuwa mtu wa vitabu. Alishika sala zake na Rozari, na huko shambani kwa wazungu alikokuwa akifanya kazi aliwafundisha wenzake kusali. Kwa ajili hiyo alipigwa mijeledi kikatili, akaugua miezi mingi kwa vidonda vile, akafa tarehe 15 Agosti 1909, akiwa amemsamehe aliyemtesa na kuahidi kumwombea mbinguni. Papa Yoane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri mwaka 1994. Sala iliyoingia moyoni hivyo haikuwa ya midomo tu. Basi, enyi wanafunzi, mlio na nyanya nyumbani ambaye macho yake hayaoni tena herufi, mkamsomee. Someni mara mbili, mara tatu, hata ashike. Kesho asubuhi, akichambua sombe, atakuwa na kitu cha kutafuna moyoni, na pengine atawaambia juu ya aya ile jambo ambalo mwalimu wenu hakuliwaza.

Juu ya saa hatuwezi kuweka sheria moja kwa wote. Mama anayekwenda sokoni alfajiri hana asubuhi. Mlinzi wa usiku hana jioni. Kila mmoja achague dakika kumi anazoweza kuzishika mwaka mzima, si saa nzima atakayoishika Kwaresima tu. Shauri letu moja ni hili: kitabu kifunguliwe kabla ya simu. Na kwa wale wanaosoma Biblia katika simu yenyewe, kwa kuwa wengi hawana nyingine, wazime kwanza kengele za ujumbe. Siku zitakuja ambazo hamtasikia kitu, aya zote zitakuwa kavu kama bugali wa jana. Msiongeze maneno ili kuujaza ukavu huo. Someni, nyamazeni, mshukuru, mkalale.

Kwa juma hili twapendekeza sura mbili za kwanza za Evanjili ya Luka. Mafumbo matano ya furaha ya Rozari yote yamo humo, toka Malaika Gabrieli kupashwa kwake Maria habari hata Mtoto Yezu kuonekana hekaluni. Kabla ya kila fumbo someni aya zake chache, na jioni moja mkisali fumbo moja tu kwa utulivu, inatosha. Juma lijalo tutasema juu ya Zaburi, hasa zile za hasira, ambazo baadhi yenu mmetuuliza kama ni halali kwa Mkristu kuzisali dhidi ya adui zake.