Saa za Kungojea Basi Korogwe



Binti zetu wanaokwenda ng'ambo hutusimulia jinsi wanavyoshushwa Paris na kukaa saa tano au sita wakingojea ndege nyingine. Mwenye viza ya Ufaransa hupanda treni akauone mji. Asiye nayo hutembea humo humo uwanjani, akala, akajinyoosha, akaendelea na safari akiwa na nguvu.

Kwetu sisi mahali pa namna hiyo ni Korogwe. Mama anayetoka Lushoto kwenda Handeni hubadili basi hapa, na yule wa Handeni aendaye Moshi vilevile. Mji huu umekuwa njia panda kwa muda mrefu. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, na leo barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha inapita hapa hapa. Na tangu mwaka 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, wapo wanaoshuka saa nane za usiku na watoto mgongoni.

Sisi wakazi wa Old Korogwe tunawaona akina mama hao kila siku. Wengi hukaa juu ya mizigo yao tangu asubuhi hadi jioni, hawanywi maji kwa kuogopa kutafuta choo, wala hawanyanyuki kwa kuogopa wezi. Hufika waendako wamechoka kuliko mizigo waliyobeba. Saa za kungojea ni sehemu ya safari, nazo yafaa zipangwe kama nauli inavyopangwa.

Kwanza mwili wako

Ukishuka tu, uliza basi lako linaondoka saa ngapi, kata tiketi, kisha weka mizigo kwa wakala wa basi na upewe stakabadhi. Sasa mikono yako iko huru. Nenda chooni, nawa kwa sabuni, kunywa maji. Tembea robo saa. Miguu iliyoning'inia kwenye kiti kwa saa nyingi huvimba, na damu huweza kuganda ndani ya mishipa, hasa kwa mjamzito na kwa aliyejifungua karibuni. Dawa za presha au za kisukari zikae mkobani, kamwe zisiwekwe kwenye buti la basi.

Chakula kipo tele kwa mama lishe. Chagua kilicho moto, kinachofuka moshi mbele ya macho yako. Matunda yamenye mwenyewe, baada ya kuyaosha. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji kitu kingine zaidi ya ziwa lako, hata kama jua ni kali. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Aliye mkubwa akianza kuharisha, koroga pakiti moja ya ORS katika lita moja ya maji safi na salama, mpe kidogo kidogo, na umfikishe kituo cha afya apewe pia vidonge vya zinki.

Muda ukibaki, watembeze watoto sokoni Manundu. Waonyeshe milima ya Usambara inavyosimama kama ukuta, na uwaeleze habari za mkonge, ulioletwa nchini mwetu mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Mtoto hujifunza mengi akiwa safarini na mama asiye na haraka. Ila mtoni msiteremke. Mto Pangani una mamba, tena ukingo wake huteleza.

Ukilala Korogwe

Hapa ndipo penye jambo zito, na nakuomba ulisome mara mbili. Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Korogwe iko kama mita 300 tu. Kule juu baridi humfanya kimelea cha malaria akawie kukomaa tumboni mwa mbu, kwa hiyo ugonjwa ni haba. Huku bondeni joto humpendeza. Mtoto aliyezaliwa na kulelewa mlimani mwili wake haujazoea kupambana na malaria, na ikimpata humwangusha upesi.

Malaria ya Korogwe inajulikana hata na wataalamu wa mbali. Mwaka 2009 ulipoanza utafiti mkubwa wa chanjo ya RTS,S, uliohusisha watoto zaidi ya 15,000 katika nchi 7 za Afrika, Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11. Utafiti huo ndio uliosaidia Shirika la Afya Duniani kuipendekeza chanjo hiyo mwezi Oktoba 2021. Watoto wa akina mama wa hapa walichangia jambo lililowafaa wengi.

Basi ukilazimika kulala, usichague gesti kwa bei pekee. Kabla hujalipa, omba kuonyeshwa chumba, ukunjue chandarua, ukikague kama kina matundu. Au beba chako mwenyewe, kwani hakina uzito. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, kuanzia giza linapoingia hadi alfajiri. Kwa hiyo anayengojea basi la usiku stendi amvalishe mtoto suruali na mikono mirefu, soksi miguuni, na amfunike kwa kanga. Mjamzito na awe mwangalifu zaidi ya wote, maana malaria humletea upungufu wa damu, na mtoto tumboni huweza kuzaliwa na uzito mdogo au asiishi.

Ukifika nyumbani

Kuumwa na mbu leo hakuleti homa kesho. Kwa kawaida dalili huanza siku 10 hadi 15 baadaye. Wakati huo mama amekwisha kuisahau Korogwe. Mtoto anachemka, jirani anasema ni mafua ya baridi ya mlimani, na mama anangoja. Siku mbili za kungoja zinatosha kumpoteza mtoto.

Kwa hiyo andika tarehe uliyolala bondeni kwenye kalenda ya ukutani. Mtoto akipata homa ndani ya mwezi mmoja, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo, na umwambie mganga waziwazi, "Tulilala Korogwe tarehe fulani." Kipimo cha haraka hutoa jibu kabla ya nusu saa. Akikutwa na malaria atapewa dawa mseto. Hakikisha anazimaliza hata akipata nafuu siku ya pili. Usimpe vidonge vilivyobaki kwa ndugu yake. Akipata degedege, akitapika kila kitu, akishindwa kunyonya au akilegea asiamke vizuri, usingoje kupambazuke.

Na kama homa inamshika mkiwa bado hapa njiani, liache basi liende. Hospitali ya Magunga ipo hapa hapa mjini. Tiketi hununuliwa tena.

Safari njema, mama, na tuonane mwezi ujao.