Mvuvi Asibebe Mzigo Peke Yake

Ndugu Wanachama,

Wako watakaouliza: Katibu wetu ana nini na kasa na mikoko, na hali gazeti hili ni la karafuu? Nawaomba mnisikilize kidogo, kwani jambo lenyewe latugusa sisi wakulima kuliko tunavyodhani.

Wengi wetu tumechuma karafuu pamoja na wenzetu wa Newala na sehemu nyingine za Umakonde. Kwao korosho ni kama karafuu kwetu: ndiyo ilipayo karo, mahari na mabati ya nyumba. Mji wa Newala uko juu ya uwanda, zaidi ya futi 2,000 kutoka usawa wa bahari. Ukisimama pale paitwapo Shimo la Mungu utaliona bonde la Mto Ruvuma chini yako, na ng'ambo ni Msumbiji. Juu ya uwanda hapana mto. Mchanga huyanywa maji ya mvua, nayo hutokea tena katika chemchemi chini ya mteremko. Vizazi vingi vya akina mama vimeshuka na kupanda mteremko huo na vyombo kichwani.

Ruvuma huingia baharini kusini ya Mtwara. Huko, mwaka 2000, Serikali iliweka Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, eneo la kilomita za mraba zipatazo 650, bahari pamoja na nchi kavu. Mna mikoko, matumbawe, kasa na ndege wa pwani. Mizizi ya mikoko ndiyo malezi ya kamba na samaki wachanga. Matumbawe yataka maji maangavu. Yakifunikwa na tope hufa. Na katika mabaki ya misitu ya pwani ile ya kusini yuko komba mdogo wa Rondo, asiyefika uzito wa gramu 100, ambaye duniani kote hapatikani ila katika vipande vichache vya misitu ya Tanzania.

Basi itazameni haki ilivyo. Mvuvi wa Msimbati akitega baruti au akivuta kokoro, sheria humshika, na ni vyema. Lakini mkulima wa juu akifyeka kichaka cha mteremko mpaka ukingoni mwa mkondo, nani humwuliza? Udongo uliokosa mizizi husombwa na mvua ukaingia mtoni, na mto hauna pa kuupeleka ila baharini. Mvuvi amekwisha kupunguziwa nyavu, kisha analetewa na tope. Mimi nasema hiyo ni dhulma. Hifadhi isiyomhusu mkulima wa juu ni nusu ya hifadhi.

Na sisi hapa Pemba tuko katika kiti kile kile cha mtu wa juu. Karafuu zetu ziko vilimani, mpunga mabondeni, na mikoko hungoja vinywani mwa hori. Tukiacha kilima wazi, anayelia ni mvuvi ambaye jioni twamtaka atuletee kitoweo.

Najua majibu: mashamba ni madogo na watoto ni wengi. Ni kweli. Simwambii mtu shamba lake liwe pori. Wala tusiseme haiwezekani. Popo wetu wakubwa, wasiopatikana popote ila Pemba, walikuwa wamepungua sana mwishoni mwa miaka ya 1980 hata ikahofiwa watatoweka. Watu wa Kidike na vijiji vingine wakaacha kuwawinda na wakailinda miti yao, na leo popo hao huhesabiwa kwa maelfu. Waliofanya hivyo hawakuwa mabwana misitu, bali watu wa vijijini kama sisi.

Kwa hiyo naleta shauri katika mkutano mkuu ujao: kila mwanachama aache hatua ishirini bila kulima kila upande wa mkondo na kuizunguka chemchemi, na mti mkubwa wa asili uliopo hapo usikatwe. Anayepinga na aje na hoja yake, nitamsikiliza. Lakini asije akaniambia kwamba bahari ni kazi ya wavuvi.

Nawatakia mavuno mema.

Katibu