Aliyeulizwa Hakasiriki Sawa na Aliyezibwa Mdomo

JICHO LA PEMBENI
Na Hamisi Mbwana

Oktoba 1, 2017, vijana kwa wazee wa Barcelona walipanga foleni kwenye shule zilizogeuzwa vituo vya kura. Polisi waliotumwa na serikali ya Uhispania kutoka Madrid wakaja na virungu, wakavunja milango na kubeba masanduku. Swali lililowaponza ni moja: je, Catalonia iwe jamhuri huru?

Miaka mitatu kabla, Scotland iliulizwa swali kama hilo, na hakuna polisi aliyetumwa kulizuia. Waziri Mkuu wa Uingereza, David Cameron, na kiongozi wa Scotland, Alex Salmond, walikuwa wametia saini makubaliano mwaka 2012. Septemba 18, 2014 wapiga kura walijitokeza kwa asilimia 84.6, na asilimia 55 kati yao wakakataa kujitenga. Kesho yake Salmond akatangaza kung'atuka.

Watetezi wa Madrid wana hoja, tena si nyepesi. Katiba ya Uhispania ya 1978 inasema umoja wa taifa hauvunjiki, na watu wa Catalonia wenyewe waliipitisha kwa kishindo. Serikali gani itakaa kimya sheria ikikanyagwa?

Sawa. Ila moto huu una aliyeuwasha. Mwaka 2006 Catalonia ilipitisha kwa kura ya maoni sheria mpya ya kujitawala ndani ya Uhispania, iliyokwisha kuidhinishwa na Bunge la Madrid. Mwaka 2010 Mahakama ya Katiba ikavifuta baadhi ya vifungu vyake. Waliokuwa wakiomba chumba kikubwa wakaanza kudai nyumba yao.

Jela nayo haikusaidia. Mwaka 2019 viongozi tisa wa harakati za kujitenga walihukumiwa vifungo vya miaka 9 hadi 13. Carles Puigdemont, aliyekuwa kiongozi wa Catalonia wakati wa kura ile, alikuwa amekwisha kukimbilia Ubelgiji. Katika uchaguzi wa bunge la Catalonia wa Februari 2021, wenzao wakiwa gerezani, vyama vya kujitenga vilivuka nusu ya kura kwa mara ya kwanza. Juni mwaka huo Waziri Mkuu Pedro Sánchez akawasamehe wafungwa, na kelele za upinzani hazikumrudisha nyuma. Mei 2024 vyama hivyo vikapoteza wingi wa viti bungeni. Ugomvi wao wenyewe ulichangia, lakini bila wafungwa wa kuwalilia, hasira ilipungua.

Sasa London nayo inafunga mlango. Mwaka 2016 asilimia 62 ya wapiga kura wa Scotland walitaka kubaki Umoja wa Ulaya, wakatolewa pamoja na wengine. Walipotaka kuulizwa upya kuhusu kujitenga, Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua mwaka 2022 kwamba bunge lao halina mamlaka ya kuitisha kura bila idhini ya London.

Kisheria, hukumu ile haina kasoro. Kisiasa, ni njia ileile iliyoipeleka Madrid kwenye virungu. Uingereza ilionyesha njia bora mwaka 2014. Isiwe ya kwanza kuisahau.