Hisabu ya Vyuma Chakavu

Wanaoisifu kazi ya kurejeleza taka aghalabu huanza na alumini, na katika hilo haki iko upande wao. Maana madini hayo, ambayo mara ya kwanza hutolewa katika boksiti kwa umeme mwingi ajabu, hukubali kuyeyushwa tena na tena kwa nguvu ipatayo sehemu moja tu katika ishirini ya ile ya awali, na sufuria iliyotoboka, kipande cha injini na kopo la soda huweza kurudi sokoni kwa sura nyingine kabla ya mwaka kupinduka. Kenya na Tanzania haziyeyushi boksiti. Alumini mpya huja kwa meli na hulipwa kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo mafundi wa Kamukunji mjini Nairobi na wa Gerezani mjini Dar es Salaam, wanapoyageuza masalio kuwa vyombo vya jikoni, huihifadhia nchi sehemu ya hazina yake, ingawa katika vitabu vya serikali hawahesabiwi miongoni mwa wenye viwanda.

Lakini asili ya tijara yote hii ni mtu mwenye gunia, naye hisabu yake haijapata kuandikwa sawasawa. Huyu hupanda jaa la Dandora, lililofunguliwa mwaka 1975 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, nalo likaendelea kupokea takataka za Nairobi kana kwamba tangazo lile halikutolewa. Huchambua, hupakia, hupeleka mzigo kwa dalali mwenye mizani, na dalali humwuzia mwenye ghala, kila mkono ukikata fungu lake, hata bei ikishuka katika soko la madini la London maumivu yote humwangukia aliye chini kabisa. Hulipwa thamani ya chuma peke yake. Kazi ya pili anayoifanya wakati uleule, yaani kuupunguzia mji mzigo wa taka ambao mapato ya jiji yangelipia kuusomba na kuuzika, huifanya bure. Ndiyo sababu chuma na shaba nyekundu hazilali mitaroni hata usiku mmoja, ilhali mfuko mwembamba wa plastiki, usio na mnunuzi, hukaa humo mpaka mvua ya masika iuchukue. Na nadhani Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019 zilipoipiga marufuku mifuko hiyo zilikiri, pasipo kusema, kwamba si kila kitu huokolewa na soko.

Wapo wanaoiona biashara hii kuwa ni pango la wezi, na hoja yao haikosi ithibati. Mnamo Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, serikali ya Kenya iliisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu, ikairuhusu tena miezi michache baadaye. Amri ile ilimfunga mwizi pamoja na mwokotaji wa makopo, na kati ya hao wawili aliyelala njaa, bila shaka, ni yule asiyekuwa na akiba.

Hata hivyo wizi si hatari kubwa kuliko zote. Alumini huyeyuka penye nyuzi 660 za joto, risasi penye 327, na tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa kuwa betri ya gari iliyokufa huweza kupasuliwa na risasi yake kuyeyushwa kwa vifaa duni na mtu yeyote mwenye moto na tamaa. Huko Owino Uhuru, mtaa wa watu masikini katika Mikindani ya Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi bega kwa bega na nyumba za watu mpaka kilipofungwa mwaka 2014, kikiwa kimekwisha kuacha sumu katika hewa, maji na udongo, na katika damu ya watoto, ambao risasi huwaharibu akili kabla ya kuwaharibu mwili. Phyllis Omido, aliyekuwa mtumishi wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake mchanga alidhurika, ndiye aliyelisimamia jambo hilo. Mahakama ya Mombasa mwaka 2020 ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na sehemu ya lawama ikaziangukia idara za serikali zenyewe. Rufani zilifuata, na hukumu hiyo haikuthibitishwa na Mahakama ya Juu mpaka Desemba 2024.

Kiwanda kile nacho kilikuwa cha kurejeleza taka, na kwa lugha ya sifa kilitoa ajira, kilileta fedha za kigeni na kiliondoa betri majaani. Faida yake ilikuwa ya kweli. Ila iliandikwa upande mmoja wa daftari, na hasara ikaandikwa katika miili ya majirani.

Kwa hiyo siafikiani na wanaotaka tanuri zote zipewe msamaha wa kodi kwa jina la mazingira, wala na wanaotaka zote zizimwe. Anayeyeyusha sufuria apewe mahali halali pa kazi, apate umeme, na afunzwe kutochanganya madini, kwani kipande cha risasi kikiingia katika chungu chake huishia katika chakula. Mwuza betri mpya alazimishwe kuinunua ile kuukuu kwa bei ya kumvuta fundi wa gereji, isipite kwa mpasuaji wa uani. Na mwenye tanuri la risasi aweke dhamana kabla ya kuwasha moto, yenye kutosha kuuondoa udongo wenye sumu na kuwatibu majirani, iwe mikononi mwa mahakama na si mwa idara iliyompa leseni.