Mzazi, usikae nje ya darasa

Kabla hujageuza ukurasa huu kutafuta chemshabongo, hebu nikuulize swali moja. Ni lini mara ya mwisho wewe mwenyewe uliposhika penseli ukachora kitu chochote, si kwa kulazimishwa na mwalimu bali kwa kutaka tu?

Najua utasema huna wakati. Nami nilisema hivyo hivyo. Nilikuwa nimempeleka binti yangu wa miaka tisa kwenye kituo kimoja cha sanaa hapa jijini, mahali ambapo kila Jumamosi hufunzwa watoto, vijana na watu wazima, na nilikuwa nimebeba gazeti ili niketi nje nimsubiri. Mwalimu, kijana aliyevaa suruali iliyojaa madoa ya rangi, akaniambia kwamba hapo hakuna benchi ya wazazi. Ama niingie nivae eproni, au niende zangu nirudi saa saba.

Niliingia. Nikaambiwa nichore mkono wangu wa kushoto bila kuitazama karatasi hata mara moja. Nilipomaliza, mkono ulifanana na kipande cha tangawizi, na binti yangu akacheka hadi machozi yakamtoka. Mwalimu hakucheka. Alinionyesha kwamba mstari wa kidole gumba ulikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa hapo ndipo nilipoangalia kwa makini. Watu wengi, alinieleza, huchora mkono walio nao kichwani, si ule ulio mbele yao.

Kwenye meza ya pili nyanya mmoja na msichana wa sekondari walikuwa wakitengeneza batiki. Ikiwa hujaona kazi hii, ni rahisi kuielewa ingawa si rahisi kuifanya. Nta iliyoyeyushwa hupakwa kwenye kitambaa, na pale ilipopakwa rangi haipenyi. Unaanza na rangi nyepesi, tuseme manjano, unakausha, unapaka nta tena kuihifadhi ile manjano, kisha unatia rangi nzito zaidi, na kadhalika hadi ufikie ile nyeusi kuliko zote. Mwisho nta huondolewa kwa pasi na karatasi za gazeti (ndiyo, hata gazeti hili lina kazi nyingine). Asiye na subira huharibu kitambaa. Msichana alikuwa na haraka, nyanya hakuwa nayo, na nadhani ndiyo sababu mwalimu aliwaketisha pamoja.

Hata hivyo, sikukusudia kukueleza habari za batiki leo. Nataka kukueleza habari za baba yangu.

Nilipokuwa darasa la sita, baba aligundua kwamba kurasa za nyuma za daftari langu la hesabu zilijaa picha za matatu, ng'ombe na walimu. Hakunichapa. Alizichana zile kurasa moja baada ya nyingine, akazitia jikoni, akachemshia chai. Kisha akaniuliza kama nimewahi kumwona mtu akila kwa kuchora ng'ombe. Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo sikuchora tena.

Ajabu ni kwamba jibu lilikuwa karibu nasi. Sisi ni watu wa Murang'a, na katika kanisa kuu la St James la Waanglikana kuna picha tano kubwa za ukutani zinazoonyesha maisha ya Yesu, naye Yesu ni Mwafrika mweusi katika mandhari ya kwetu. Zilichorwa mwaka wa 1959, wakati ambapo mchoro wa aina hiyo kanisani ulikuwa jambo la kushtua. Aliyezichora ni Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesomea sanaa Makerere. Baba amezitazama picha hizo tangu utotoni, lakini hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu aliyepanda ngazi na brashi mkononi.

Njau huyo huyo, pamoja na wenzake, ndiye aliyeanzisha kituo cha Paa ya Paa hapa Nairobi mwaka wa 1965. Jina lenyewe ni mchezo wa lugha: paa yule mnyama anapaa juu. (Mwanangu aliuliza kama si paa la nyumba pia. Kiswahili kina mambo!) Kituo kilianza katikati ya jiji, kisha kikahamia Ridgeways, karibu na barabara ya Kiambu. Mwaka wa 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa ya hazina ya kazi za sanaa zilizokusanywa kwa miaka mingi. Njau na mkewe Phillda hawakufunga mlango. Waliendelea kuwapokea wasanii, na wanafunzi waliofika kwake walisikia onyo lile lile: usiige kazi ya mwenzako.

Nilimsimulia baba hayo yote alipokuja kukaa nasi baada ya mama kufariki. Alisikiliza, akanyamaza. Siku hizo alikuwa akinyamaza sana. Alishinda mbele ya televisheni bila kujua inaonyesha nini, na chakula alikigusa tu. Jumamosi moja binti yangu alimshika mkono akasema, "Guka, twende wote." Baba hawezi kumkatalia huyo mtoto.

Walimketisha kwenye meza ya udongo. Kwa muda mrefu aliukanda tu, jinsi walivyomwelekeza, ili kutoa mapovu ya hewa. Kisha vidole vyake vikaanza kutenda jambo ambalo hakuna aliyemfundisha pale. Alifinyanga ndama. Si ndama wa mtu anayejaribu. Ndama mwenye nundu, magoti na shingo iliyogeuka kumtafuta mamake. Nilimuuliza alijifunzia wapi. Akasema walipokuwa wavulana wakichunga, walichota udongo mtoni na kila mmoja alikuwa na boma lake la ng'ombe. Babake alipoona, alilikanyaga lote.

Aliyasema hayo bila kunitazama. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama lile daftari lilikuwa la hesabu au la Kiingereza.

Ndama yule alipasuka kwenye tanuri. Udongo ukibaki na unyevu ndani, maji hugeuka mvuke na mvuke hutafuta njia ya kutokea. Nilidhani baba atavunjika moyo, lakini alimlaumu mwalimu kwa haraka yake, akasema mnyama mnene kiasi kile hukaushwa kivulini kwa majuma mawili.

Ukitaka kujaribu, vaa nguo usiyoihurumia, na uulize ada mapema kwa sababu vituo hutofautiana sana. Vingine huwapunguzia wanafunzi. Usimwache mtoto mlangoni ukaenda sokoni.

Kwetu dirisha la jikoni halifunguliwi tena. Kuna ndama wawili wanaokauka hapo, na guka ametoa amri kwamba asiwaguse mtu.