Barua ya Kuomba Kazi ya Ushauri: Mhitimu wa Kiswahili Ajinadi Vipi?

Imekuwa ada katika idara zetu kuamini kwamba mhitimu wa Kiswahili ana milango miwili tu ya kubisha: ule wa Tume ya Huduma kwa Walimu na ule wa vyombo vya habari. Milango yote miwili ina foleni ndefu, na hakuna asiyelijua hilo. Makala haya yanahusu mlango wa tatu ambao wengi wetu huupita pasipo kuutupia jicho, yaani kampuni za ushauri. Hizi ni kampuni zinazolipwa na serikali, mashirika ya misaada, benki na wafanyabiashara ili zichunguze tatizo na kupendekeza suluhisho. Jijini Nairobi yapo matawi ya zile kubwa za kimataifa kama vile Deloitte, KPMG na PwC, na zipo ndogo za wenyeji ambazo huishi kwa tafiti za nyanjani. Hizi ndogo ndizo ninazozilenga hasa, kwa sababu kila zinapotuma watafiti Kwale, Kilifi au Tana River, zinahitaji mtu aijuaye lugha ya wahojiwa kwa undani, hata pale ambapo zenyewe hazijatambua kwamba zinamhitaji.

Nimebahatika kusoma barua nyingi za wanafunzi wenzangu walioomba kazi katika kampuni za namna hii, wengine wakiwa na alama za kupigiwa mfano. Rai yangu ni kwamba shahada zao hazikuwa na kasoro yoyote. Kilichowaangusha ni barua iliyotangulia wasifukazi, ambayo haikumpa msomaji sababu hata moja ya kufungua ukurasa wa pili.

Tutazame barua hiyo tuliifunzwa wapi. Tuliifunzwa katika shule ya upili, tulipokuwa tukijiandaa kwa karatasi ya kwanza ya Kiswahili, ile ya Insha. Tulikaririshwa anwani mbili, tarehe, mtajo, mada iliyotanguliwa na KUH au MINT na kupigiwa mstari, mwili, kisha ‘wako mwaminifu’. Mtahini alitunuku sura, maudhui, msamiati na mtindo, nasi tukapata alama zetu. Sina ugomvi na mafunzo hayo. Asiyejua kupanga barua rasmi hana haja ya kusoma zaidi hapa. Tatizo ni kwamba mtahini yule hakuwa na kazi ya kumpa mtu. Alilipwa ili asome barua yote hadi mwisho, iwe tamu iwe chungu. Mwajiri halazimiki.

Matokeo yake ni barua zinazofanana kama shilingi kwa ya pili. ‘Kwa unyenyekevu mkubwa ninaomba nafasi katika kampuni yako tukufu. Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa, na ninayewasiliana vyema na watu wa tabaka zote.’ Ninawauliza wanauhakiki wenzangu: lau mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angewasilisha insha inayosema kwamba mwandishi wa riwaya ‘amefaulu sana kuwasawiri wahusika wake’, kisha akakoma hapo bila kutaja mhusika wala tukio, angepata alama ngapi? Mhadhiri angeandika pambizoni kwa wino mwekundu: ‘Thibitisha!’ Basi iweje sisi tuliolelewa kwa wino huo tumwandikie mwajiri madai matupu?

Kampuni ya ushauri, zaidi ya waajiri wengine wote, huuza hoja. Mteja wake hanunui saruji wala sukari. Hununua ripoti inayomwambia tatizo liko wapi na afanye nini. Kwa hiyo barua ya mwombaji husomwa kama sampuli ya kazi atakayoifanya. Akishindwa kumshawishi msomaji mmoja kwa ukurasa mmoja, atamshawishije waziri wa kaunti kwa kurasa sitini?

Barbara Minto, aliyeajiriwa na kampuni ya McKinsey mwaka 1963, alijijengea jina kwa kuwafunza washauri uandishi alioufananisha na piramidi: jibu hukaa kileleni, sababu kuu hufuata chini yake, na ushahidi wa kila sababu hukaa chini zaidi. Msomaji hupewa jibu kwanza. Desturi yetu ni kinyume. Sisi hubisha hodi, tukajulia hali, tukauliza mvua na mifugo, ndipo tukagusia kilichotuleta. Ni adabu njema, nami siibezi. Lakini katika barua ya kazi huko ni kuzunguka mbuyu. Sentensi ya kwanza haina budi kusema unaomba kazi ipi na ni jambo gani unaloliweza ambalo kazi hiyo inalidai. Mahali ulikozaliwa, shule uliyosomea na jinsi ulivyoipenda lugha tangu utotoni vyaweza kungoja, na aghalabu vyaweza kukosekana kabisa.

Jambo hilo unaloliweza ni lipi? Hapa ndipo wenzangu wengi hukata tamaa mapema, wakidhani kwamba pasipo shahada ya uchumi hawana la kusema. Nitatoa mifano mitatu ya mambo ambayo mwanafunzi yeyote makini wa Kiswahili anayajua, na ambayo yaweza kuiharibu kazi ya mamilioni ya shilingi yasipojulikana.

Mfano wa kwanza ni neno kaya. Katika hojaji nyingi ndilo linalotumika kwa maana ya watu waishio pamoja na kula chungu kimoja. Miongoni mwa Wamijikenda, hata hivyo, kaya ni makao ya kale ya mababu yaliyo ndani ya msitu, mahali patakatifu panapotunzwa na wazee. Baadhi yake ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mtafiti anayemwuliza mzee wa Kilifi ‘mkuu wa kaya yenu ni nani’ ameuliza swali moja na huenda mzee akajibu jingine kabisa.

Wa pili ni saa. Mhojiwa anapoulizwa huenda kuchota maji saa ngapi, hujibu ‘saa moja’. Karani asiye mwangalifu huandika 1. Mchanganuzi aliyeketi Nairobi mbele ya tarakilishi husoma kwamba wanawake wa kijiji hicho huteka maji usiku wa manane, kisha ripoti hupendekeza taa za barabarani! Hilo la taa nimelitia chumvi, ila kosa la saa si la kubuni. Tofauti ya saa sita baina ya hesabu ya Kiswahili na ya Kiingereza humtega yeyote asiyeagizwa mapema.

Wa tatu ndio ninaoupenda zaidi, kwa kuwa unagusa semantiki yenyewe. Mwulize mtu kama ana mkopo. Atawaza benki, chama cha akiba au simu yake, atasema hana. Mwulize kama ana deni, atacheka na kukutajia muuza duka. Kwake, unga uliochukuliwa leo ukalipwa mwisho wa mwezi ni deni wala si mkopo. Hojaji inayotumia neno moja tu itahesabu nusu ya jambo, na ushauri utakaotolewa kwa benki utasimama kwa mguu mmoja.

Sasa tumtazame mwombaji ambaye, badala ya ‘mimi ni mchapakazi’, anaanza hivi (barua ni ya kubuni, na mwandishi wake pia):

‘Ninaomba nafasi ya mshauri msaidizi katika utafiti wenu wa huduma za fedha katika eneo la Pwani. Ninaweza kuitafsiri hojaji, kuijaribu nyanjani na kuwafunza wahoji, ili swali lieleweke Kwale kama lilivyokusudiwa Nairobi. Mathalani, hojaji isiyotenganisha mkopo na deni huwaacha nje wanaokopa dukani. Katika utafiti wangu wa uzamili niliwahoji wazee 24 wa Kwale, nikanakili mahojiano yote na kulazimika kubadilisha maswali matano baada ya siku mbili za kwanza, kwa kuwa hayakueleweka nilivyodhani.’

Aya hiyo haina kivumishi hata kimoja cha kujisifu, na bado imemsifu mwenyewe kuliko mchapakazi wetu. Imeonyesha kwamba amelisoma tangazo, kwamba anaiona hatari ambayo pengine kampuni haijaiona, na kwamba amewahi kutoka nje ya maktaba. Nimependa hasa lile la kubadilisha maswali matano, kwa maana anayekiri kwamba swali lake halikueleweka ndiye aliyekuwa akisikiliza. Ila mwombaji achunge mizani: mfano mmoja watosha. Akiirundika mitatu ataonekana amekuja kuikosoa kampuni kabla hajapewa kiti.

Najua nitapingwa. Wapo wahadhiri wetu wapendwa watakaosema kwamba kujinadi ni utovu wa adabu, na watanikumbusha kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni ya soko ambamo mnunuzi anaiona bidhaa kwa macho na kuipapasa kwa mkono. Mwombaji kazi yumo ndani ya bahasha, au siku hizi ndani ya baruapepe, pamoja na wengine mamia, hapapaswi. Fauka ya hayo, fasihi simulizi yetu yenyewe ina utanzu mzima wa kujisifu, yaani majigambo au vivugo. Mwenye kujigamba hasemi tu kwamba yeye ni jasiri. Hutaja matendo: vita alivyopigana, mnyama aliyemwua, mahali ilipotukia. Tena huyataja mbele ya hadhira, ambamo huenda yumo aliyekuwapo. Kilichomo katika majigambo kisichofaa barua ya kazi ni chuku. Ukiiondoa chuku, kinachobaki ni tendo lenye mahali na ushahidi, na hicho ndicho mwajiri anachokitafuta.

Suala la tasnifu linahitaji neno la ziada. Wengi huinakili mada ya tasnifu barani kama ilivyo, ikiwa na nadharia, mihimili na mwasisi wake. Mbele ya jopo la watahini hilo ni sawa. Mbele ya mshauri wa masuala ya maji ni kelele. Kwake, tasnifu ya uzamili ni mradi uliopangwa, ukafanyiwa utafiti, ukaandikwa kwa muda uliowekwa, ukatetewa mbele ya watu waliokuwa na nia ya kuuangusha. Mweleze hayo. Ukichanganua taswira katika mashairi, ulichofanya ni kusoma matini nyingi na kubaini ruwaza ambayo msomaji wa kawaida haioni. Mwenye maelfu ya kurasa za mahojiano ana haja na mtu wa aina hiyo. Hapa hatuongopi, tunatafsiri, na tafsiri tumeisomea.

Je, barua iandikwe kwa lugha gani? Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kimekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kwa sababu hiyo wapo wenzangu wanaoshikilia kwamba kuandika kwa Kiingereza ni usaliti. Kauli yangu itawaudhi: tangazo likiwa la Kiingereza, andika kwa Kiingereza, tena safi. Barua ya kazi si jukwaa la kampeni ya lugha, na mwajiri anayehofia kwamba hutaweza kuandika ripoti ya mteja wake ana haki ya kuhofia. Kiswahili chako kipe nafasi yake mahali kinapoonekana kikifanya kazi. Ambatisha ukurasa mmoja: maswali mawili au matatu ya hojaji kwa Kiingereza, tafsiri yake, na maelezo mafupi ya kwa nini ulichagua neno hili ukaliacha lile. Ukurasa huo utafanya zaidi ya kifungu chochote cha Katiba.

Siku hizi kuna jaribu jingine. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, programu za akili unde zimemwezesha kila mtu kupata barua nadhifu kwa dakika moja, na waajiri sasa wanapokea barua zilizonyooka na kufanana mno. Sikatazi kuzitumia kusahihisha hijai. Lakini programu haikuwa Kwale ulipokuwa ukibadilisha maswali yako matano, na usipoiambia haitayaandika. Ukiwa na la kuiambia, basi waweza kuliandika mwenyewe.

Kuhusu urefu, ukurasa mmoja. Kuhusu jina la anayeandikiwa, piga simu uulize badala ya kuandika ‘kwa yeyote anayehusika’. Kuhusu wadhamini, waombe ruhusa kabla ya kuwataja. Hayo hayahitaji mjadala.

Linalohitaji mjadala ni nafasi ya chama chetu. Kila muhula tunaandaa kongamano, tunaghani mashairi, tunazindua jarida, na wanachama wanahitimu bila kuwahi kuonyesha barua zao kwa yeyote. Ningependekeza kamati itenge alasiri moja muhula ujao. Kila mwanachama aje na tangazo halisi la kazi pamoja na barua yake, majina yafunikwe, barua zisomwe kwa sauti na kuhakikiwa kwa ukali uleule tunaoutumia kwa riwaya. Wahadhiri waje na kalamu zao nyekundu. Niko tayari barua yangu isomwe ya kwanza.