Kilosa na Mikumi: Mtoto asipobebeka tena, atacheza wapi?

Mpaka anafikisha miaka minne au mitano, mtoto asiyetembea huenda kila mahali. Mama anamfunga mgongoni kwa kanga na safari inaanza: sokoni, kliniki, kanisani, msibani. Akifika miaka minane au tisa kilo zimeongezeka, lakini mgongo wa mama ni uleule. Hapo ndipo anaanza kuachwa nyumbani, kwanza siku za soko tu, baadaye siku zote.

Wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro ina vitu ambavyo wilaya nyingi zinavitamani. Reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, ina kituo Kilosa. Barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia inapita katikati ya mji mdogo wa Mikumi. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, iko hapohapo mlangoni. Watu wanapita, pesa zinapita. Familia yenye mtoto wa kiti mwendo inafaidika na nini?

Kwenye karatasi, inafaidika sana. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ibara ya 31 inataja kucheza kuwa haki. Mwaka 2009 ikaridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 30 inataka mtoto mwenye ulemavu acheze sawa na wenzake, shuleni na nje ya shule. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010, inayotaka majengo na huduma za umma zifikike na kila mtu.

Kinachohesabiwa ndicho kinachojengwa

Shida inaanzia kwenye hesabu. Taarifa ya maendeleo ya halmashauri yoyote nchini inataja madarasa, madawati, zahanati na matundu ya vyoo. Pembea haimo. Hata Sensa ya 2022, iliyotoa kiwango cha asilimia 11.2 ya watu wenye ulemavu, ilizungumzia wenye umri wa miaka saba na kuendelea. Watoto walio kwenye umri hasa wa kucheza hawamo kwenye asilimia hiyo.

Na ile asilimia mbili ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa watu wenye ulemavu? Hiyo ni mikopo ya kufanyia biashara. Pembea haikopeki.

Tuwe wakweli, mkurugenzi wa halmashauri ana mengi mezani. Kilosa ni wilaya ya mafuriko. Wengi wanakumbuka Mto Mkondoa ulivyovunja kingo mwishoni mwa 2009 na kuacha maelfu bila makazi. Ukimwambia mtu anayetafuta pesa za daraja kwamba kuna mtoto hana pa kuchezea, anaweza kukuona una masihara.

Lakini kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo mchezo si anasa. Kushika kamba ya pembea, kukaa wima bila kuegemezwa, kunyoosha mkono kufuata mpira ni mazoezi yaleyale ambayo mtaalamu wa tiba kwa vitendo angemfanyisha, ila wataalamu hao hupatikana zaidi hospitali kubwa, na nauli ya kwenda huko si ya kila mwezi. Mtoto anayecheza pia anaonekana, na majirani wakimzoea wanaacha kumshangaa.

Choo ndicho kinachofunga mlango

Watu wakisikia "miundombinu rafiki" wanafikiria njia ya mteremko. Ni kweli inahitajika, na ina kanuni yake: kwa kila sentimita moja ya kupanda, urefu uwe sentimita 12. Kizingiti cha sentimita 15 kinadai mteremko wa mita 1.8. Ngazi tatu za namna hiyo zinadai mita 5.4. Jengo likishakwisha, nafasi hiyo mara nyingi haipo, ndipo fundi anabandika zege lililosimama kama paa. Mtoto hapandi pale bila kusukumwa na watu wawili.

Ila kinachomrudisha mzazi nyumbani mapema zaidi ni choo. Choo cha kuchuchumaa hakimfai mtoto ambaye magoti hayakunji au hawezi kujishikilia. Mlango mwembamba hauruhusu kiti kuingia. Na mtoto wa miaka kumi anayevaa nepi anabadilishwa wapi, stendi au sokoni? Mzazi anatandika kanga chini, kando ya ukuta, watu wanapita. Akifanya hivyo mara mbili, safari ya tatu haiji. Uingereza walilitambua hili: tangu 2021 kanuni za ujenzi za England zinataka majengo makubwa mapya ya umma yawe na chumba chenye meza ya kubadilishia hata mtu mzima.

Kilosa haihitaji kuanza na chumba cha gharama hiyo. Tundu moja lenye mlango wa sentimita 90, vyuma vya kushikilia ukutani, kiti chenye uwazi cha kuweka juu ya tundu na benchi pana la mbao lingetosha kubadilisha siku ya familia. Matundu yanahesabiwa kila mwaka. Ni suala la kuuliza moja kati yake liko vipi.

Hifadhini wote wanakaa garini

Kuna jambo moja Mikumi ambalo halisemwi sana. Ndani ya hifadhi, mgeni haruhusiwi kushuka kwenye gari ovyo. Kila mtu anatazama tembo na twiga akiwa amekaa. Kwa saa chache, mtoto asiyetembea na mwenzake anayekimbia wako sawa kabisa! Ni sehemu chache za burudani nchini zenye sifa hiyo. Vinavyoharibu ni vya pembeni: gari refu la kupandia, na choo, tena choo.

Ziara za wanafunzi zinapopangwa, watoto hao ndio wangekuwa wa kwanza kuandikwa. Mara nyingi huwa ndio wanaobaki shuleni kwa hoja ya "atapata shida".

Vya kuchezea navyo vinatengenezeka. Uganda, shirika lililoanza kwa jina la East African Playgrounds limejenga viwanja vya watoto kwa mafundi na vifaa vya hapohapo. Mchomeleaji yeyote wa Mikumi anaweza kuunda pembea yenye mgongo na mkanda. Seremala wa Kilosa anaweza kuinua sanduku la mchanga juu ya miguu ya meza ili kiti mwendo kiingie chini yake. Kinachohitaji akili zaidi ni ardhi: udongo mweusi wa mbuga ukilowa unameza magurudumu, hivyo njia ya changarawe iliyoshindiliwa kutoka getini mpaka kwenye pembea ina uzito kuliko pembea yenyewe.

Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai 1, na vipaumbele vya vijiji na mitaa hukusanywa miezi kadhaa kabla. Sheria ya 2010 iliweka pia kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Mzazi anayetaka benchi lile liingie kwenye bajeti analazimika kulisema kwenye mkutano wa kijiji. Na ili afike mkutanoni, inabidi kwanza apate mtu wa kubaki na mtoto.